Mwaka wa Rais wa Kisu

Mzigo ukiletwa mlangoni kwetu, huwa naomba mtu mwingine aufungue. Wenzangu ninaokaa nao hapa Mansfield, jirani na Fort Worth, wameshanizoea. Wanadhani ni maringo. Wao wakiona boksi jipya wanaona viatu, wanaona sufuria, wanaona kile walichoagiza juzi. Mimi kabla sijaona chochote pua imeshanitangulia. Ile harufu kavu ya karatasi ngumu, yenye gundi na vumbi kidogo, ndiyo harufu ya shingo ya babu yangu alipokuwa akirudi kutoka kazini. Hata akioga mara mbili haikutoka. Nilikuwa nikiegemea shingo ile tukitazama televisheni, na mpaka leo nikisikia mkasi unapasua utepe wa boksi, nageuka mtoto, na moyo unaniuma kama jana.

Nawaandikia watu wa rika langu, hasa ninyi mliopita kambi za wakimbizi mkashushwa Texas mkiwa na mfuko mmoja wa plastiki wenye karatasi za familia nzima. Ninyi mtanielewa upesi. Wengine mtanivumilia.

Babu ndiye aliyenilea. Baba na mama yangu walibaki Kongo, ardhini, kabla sijazijua sura zao. Babu akanivusha hadi Tanzania, tukakaa kambini Kigoma miaka ambayo kwangu ilikuwa ndiyo dunia yote, kisha tukapelekwa Fort Worth, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Mama. Watoto wa shule walivunjika mbavu kumsikia mzee wa mvi ananiaga kituo cha basi, "Mama, usome muzuri!" Mtu mwingine wa ukoo tuliyebaki naye ni Shangazi, binti yake aliyetutangulia Amerika, aliyekaa Missouri City, kule Houston, akifanya kazi ya kuogesha na kulisha wazee wa watu.

Msidhani Babu alikuwa mtu wa kutoa hekima. Alikuwa na majivuno, alipenda soda kuliko maji, na kwenye karata alikuwa mwizi kabisa. Nasema hivi kwa sababu watu wakishakufa tunawafanya malaika, na ninayemlilia mimi ni mtu.

Kitu kimoja alikiheshimu kuliko karatasi zote za uhamiaji. Ulikuwa ukurasa mmoja uliotoka kwenye kamusi ya Kifaransa. Baba yake alikuwa mpishi wa mapadri huko Uvira, na kamusi ilipochakaa mapadri wakampa mtoto wa mpishi. Vita vilikula kamusi nzima, ukabaki ukurasa huo tu, kwa kuwa alikuwa ameukunja ndani ya Biblia. Ulikuwa na picha ndogondogo za marais wa Ufaransa, wazee wa ndevu na masharubu, na chini ya kila mmoja mwaka wa kuzaliwa, kistari, na mwaka wa kufa. Wale waliokuwa hai kamusi ilipochapwa, kistari chao kilikuwa wazi mbele, na Babu alikuwa amewafunga mwenyewe kwa kalamu, mmoja mmoja, kila redio ilipomletea habari. Waliokuja baadaye aliwaongeza pembeni kwa mwandiko wake, bila picha.

Aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wakorofi. Siasa zao hakuwa na habari nazo. Alichotaka kujua ni mtu ameishi miaka mingapi.

"Huyu alifika makumi kenda," alikuwa akisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Na huyu hapa, kenda kasoro mwaka moja. Sasa bale bazee balikuwa banakula nini?"

Alinionyesha aliyepigwa risasi, na aliyekata roho akiwa madarakani, humo humo ikulu. Alinionyesha mwenye ndevu nyeusi aliyechomwa kisu akipita kwenye gari la farasi huku watu wanamshangilia. Na alinionyesha kipenzi chetu, rais aliyeanguka kutoka kwenye treni usiku akiwa na nguo za kulalia, akatembea peku kufuata reli mpaka kwa mlinzi wa njia, akabisha hodi akasema yeye ndiye rais. Hapo Babu alisimama katikati ya sebule, akajifunga shuka, akabisha hodi kwenye kabati la vyombo. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Sisi tuliopita kambini tumezaliwa karibu wote tarehe moja Januari. Asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo, na asiye na cheti cha kuionyesha akaandikiwa hiyo hiyo. Kwa hiyo Babu, Shangazi na mimi tulikuwa na siku moja ya kuzaliwa, na tuliigeuza sikukuu. Shangazi alikuja kutoka Houston na keki kubwa ya dukani, ameifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Baada ya kula, Babu aliutoa ukurasa wake, akachonga penseli, akaweka alama ndogo kwenye picha ya kila rais ambaye yeye alikuwa amemzidi umri. Mwaka Mpya wetu wa kwanza Amerika ulikuwa wa rais wa treni, aliyekufa na miaka sitini na saba.

"Nimemupita!" Babu alisema, mikono juu. "Shikamoo yako nairudisha, bwana rais. Sasa weye ndiye mudogo."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi huku nina swali, maana shuleni nilikuwa nimeshaanza kuzijua hesabu za kutoa. Kitambulisho chake kilisema ana miaka hamsini na mitatu.

Nilipomuuliza, alinisimulia hivi. Baba yake alikuwa jikoni siku kengele ya misheni ilipolia bila misa. Padri akaingia mbio, machozi yanamtoka, akamkumbatia mpishi pamoja na mwiko wake: yule jenerali mrefu wa Ufaransa ameingia Paris, ameshika nchi. Wiki hiyo hiyo Babu akazaliwa. Hakukuwa na cheti. Kulikuwa na jenerali. Miaka mingi baadaye, kambini, kijana wa kuandikisha watu alimwuliza alizaliwa lini, na Babu akamjibu alivyofundishwa nyumbani: mwaka ule jenerali aliposhika nchi. Kijana yule hakuwa mbaya. Alikwenda kumwuliza mwenzake aliyejua habari za Ufaransa, akarudi na mwaka, akauandika. Bahati mbaya jenerali yule aliishika nchi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, ndiyo ile ya kengele. Mara ya pili aliporudi akawa rais mwenyewe, ambayo ndiyo iliyoandikwa vitabuni, na ndiyo kijana aliyoiandika. Kati ya mara hizo mbili pana miaka kumi na mitano.

"Basi juu ya nini haukumwambia abadilishe?" Shangazi alimwuliza siku hiyo, keki mdomoni.

"Ukigusa faili, faili inalala," Babu alisema.

Waliokuwa kambini wanajua. Faili iliyoguswa ilirudishwa chini ya mafaili mengine, na wenye faili walikaa kuangalia majirani wakipanda basi la kwenda uwanja wa ndege, mwaka baada ya mwaka.

Mimi nililichukua jambo lile kwa akili ya kitoto. Maisha yangu yote niliona karatasi ndiyo inayoamua. Karatasi ilisema mnakula mahindi kilo ngapi, na ndizo mlizopewa. Karatasi ilisema mtapanda ndege, mkapanda. Karatasi ilisema mimi ni wa darasa la nne, nikawa wa darasa la nne, ingawa sikujua kusema hata "chooni" kwa Kiingereza. Sasa karatasi ikisema mtu ana miaka hamsini na mitatu, ni nani wa kubisha? Niliona wazi kwamba Amerika imempa babu yangu miaka kumi na mitano ya bure, imemrudisha nyuma, na sasa ataishi kuliko wote waliokuwa kwenye ukurasa ule. Niliwatangazia watoto wa kanisani. Nilimwambia mwalimu. Usiku niliomba nikashukuru kwa ajili ya miaka hiyo, nikaitaja kabisa, kumi na mitano, Mungu asije akasahau.

Miaka ile ya bure Babu aliilipia kwa mgongo. Kwenye ghala la maboksi alikopata kazi, mtu wa hamsini na mitatu hawekwi kwenye kiti cha kubandika lebo. Huingizwa ndani ya trela kushusha maboksi. Wazee wa umri wake wa kweli hapa hupewa fedha ya kula na kupumzika, na hupelekwa hospitali kwa gari. Yeye alichukuliwa kila alfajiri na jirani yetu, Papa Etienne, aliyefanya kazi ghala hilo hilo, akarudishwa jioni akishuka kwenye gari kwa hatua za mtoto anayeanza kutembea. Nilimletea beseni la maji ya moto na chumvi. Nilidhani ndivyo walivyo wanaume wote wa hamsini na mitatu.

Shangazi ndiye aliyekataa kunyamaza. "Papa, mimi minaogesha bazungu badogo kwako," alimwambia kwenye simu, nami nikisikia. "Badogo! Na weye uko unabeba maboksi. Nita-apply, wakatae wenyewe."

Aka-apply mwaka wa Babu ubadilishwe. Tuliitwa ofisini Dallas, sote watatu, Babu na suti aliyopewa kanisani, mikono ya suti ikiishia katikati ya kiganja. Mama wa ofisini alitusikiliza kwa upole, hilo siwezi kumnyima. Akasema bila cheti cha kuzaliwa, anahitaji kiapo cha mtu mkubwa kuliko Babu, aliyekuwepo alipozaliwa na anayekumbuka mwaka. Shangazi akatafsiri. Babu akafikiri kidogo. Baba yake amekufa, mama yake amekufa, mapadri wamekufa, misheni yenyewe ilichomwa moto.

"Mwambie bamuulize jenerali," alisema.

Akacheka peke yake. Shangazi alikuwa anatafuta leso. Na mimi niliyekaa kati yao, nikining'iniza miguu, nilikuwa nimefumba macho naomba kwa nguvu zangu zote wakatae. Niliona tumekuja kurudisha zawadi. Niliona wakikubali tu, Babu atazeeka papo hapo kitini, miaka kumi na mitano itamwangukia kwa mpigo. Majibu yalipokuja baada ya miezi kwamba haiwezekani, Shangazi alilia kwenye simu, nami nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka kamba kwa furaha. Sijilaumu. Nilikuwa mtoto, na nilimpenda. Ila mpaka leo naisikia kamba ile inavyopiga sakafu.

Kisha furaha ikageuka, na ukurasa ule ule ndio ulioigeuza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hesabu sasa nazijua. Siku moja kabla ya likizo ya Krismasi niliutandaza mezani nikaamua kumpigia Babu hesabu zilizo sawa, za kitambulisho, kwa sababu alama zake ziliniudhi. Aliweka alama kama mtu wa miaka sabini. Nikatoa mwaka kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine, nikatafuta ni yupi atakayempita kwanza. Mwaka Mpya uliokuwa mbele yetu karatasi ingemfanya wa hamsini na sita. Na rais aliyekufa mdogo kuliko wote kwenye ukurasa ule, wa kwanza kabisa mlangoni, alikufa na miaka hamsini na sita. Ni yule mwenye ndevu nyeusi. Wa kisu.

Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Babu alikuwa amempita mtu wa kisu zamani, huko Kongo, bila hata kujua. Karatasi ilipomrudisha nyuma, ilimrudisha mbele ya kisu, na sasa alikuwa anakijia kwa miguu yake mwenyewe. Niliyemshukuru Mungu kila usiku kwa miaka kumi na mitano, ndiye mimi niliyekaa na ukurasa ule nikiwaza visu vya jikoni.

Nilifanya nilichoweza. Tulikuwa na visu vinne. Nilivifunga kwenye fulana yangu ya zamani, nikavizamisha chini kabisa ya gunia la mchele.

Mwaka Mpya ukafika. Shangazi alikuwa zamu Houston, hakuweza kuja, kwa hiyo keki tulinunua wenyewe, ndogo, ya rangi ya waridi. Babu alivuta droo, akaifunga. Akavuta nyingine.

"Mama, bisu biko wapi?"

Nikajitia kupanga sahani.

"Nauliza bisu. Tunakata keki na meno?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia yote kwa Kiswahili na Kiingereza vilivyochanganyika kama mboga ya sombe na mchanga: kitambulisho, hamsini na sita, ndevu nyeusi, gari la farasi. Nilitegemea acheke, alikuwa mtu wa kucheka. Alikaa chini taratibu, akiegemea meza kwa viganja viwili.

"Ule wa kisu nilishamupita zamani sana," alisema. "Mama yako alikuwa bado hajaolewa."

"No, Babu. Karatasi inasema bado."

"Karatasi inasema." Akatikisa kichwa. "Na weye unaamini karatasi."

"Kila mtu anaamini karatasi," nilimwambia.

Hapo akafanya jambo ambalo sijapata kuona likifanywa na mtu mwenye majivuno kama yeye. Alichukua ukurasa wake na kifutio changu cha shule, akafuta alama zake zote. Alianza na rais wa treni aliyemfurahia kuliko wote, akarudi nyuma mmoja mmoja mpaka wa kisu, akipuliza vumbi la kifutio kila mara. Ukurasa ukabaki safi, na makovu madogo meupe.

"Haya," alisema. "Tuanze upya. Mwaka huu niko wa makumi tano na sita, kama bale banavyosema. Tutamupita pamoja huyu bwana, mimi na weye. Na katika nyumba hii hakuna kisu mpaka Mwaka Mpya mwingine. Nimekata maneno."

Akachukua kijiko, akakigeuza mpini mbele, akakata keki kwa mpini. Ilitoka vipande vya ovyo, vimebomoka. Sijawahi kula keki tamu kama ile.

Na alishika neno lake. Miezi ile tulipika vitunguu vizima, tukavisaga kwa mwiko sufuriani. Nyama tulinunua iliyokatwa. Ndizi tulimenya kwa kucha. Nyanya Babu aliziminya kwa mkono, juisi ikiruka mpaka kwenye miwani yake, akisema kama jenerali angeona jeshi linavyoishi bila silaha angelia. Wageni wakija tulisema visu vimepotea. Papa Etienne alituletea kimoja kipya, Babu akakishukuru, akampa jirani wa juu. Mzee mzima aliishi mwaka wa mtu mwingine ili mtoto apate usingizi. Nami nilipata usingizi. Kila mwezi ukiisha nilisema umeisha mmoja, naye akasema ndiyo, bwana kisu anachoka.

Joto la Julai hapa mnalijua. Ndani ya trela lililokaa juani halielezeki; Papa Etienne alisema bati lilikuwa linachoma hata kwenye glavu. Alikuja mwenyewe kuniambia, mchana, gari la kazini likiwa bado linanguruma nje na mlango wazi. Alisimama mlangoni na kofia ya Babu mkononi. Alisema Babu alikaa juu ya boksi apumzike kidogo, akaomba maji, maji yalipokuja alikuwa ameinamisha kichwa. Moyo wake ulisimama.

Nilimwuliza, "Nani alimchoma?"

Papa Etienne hakuelewa. "Hakuna mutu amemuchoma, mtoto wangu. Ni moyo."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa hapo."

Nilikuwa nimelinda mlango mmoja tu.

Jioni nyumba ikajaa. Shangazi alifika kutoka Houston kwa mwendo ambao hata leo hasemi. Akina mama wa kanisani waliingia jikoni na masufuria yao kupika kwa ajili ya matanga, na punde nikasikia droo zinafunguliwa na kufungwa. Mmoja akauliza, hivi nyumba hii hawana hata kisu? Mwingine akajibu mzee alikuwa akiishi peke yake na mtoto, msimlaumu. Nikaenda kwenye gunia. Niliingiza mkono mpaka kwapani, nikatoa fulana yangu, nikaifungua sakafuni mbele yao wote. Punje za mchele zilikuwa zimenasa kwenye mipini.

Shangazi akapiga magoti. "Hii ni nini, mama?"

Nikamweleza. Akanivuta kifuani, nami nikasikia sauti ikimtoka ambayo sikujua watu wakubwa wanayo. Alipoweza kusema aliniambia hivi, akinishika mashavu: "Sikiliza. Papa aliniambia mwenyewe. Kambini walimwambia anaweza kurekebisha ule mwaka, lakini faili italala, labda miaka sita, labda saba. Alisema, mtoto atasoma lini? Ndiyo akaiacha. Ile miaka haikuwa zawadi yake. Alikupa weye."

Kanisani, siku ya mazishi, mchungaji alisoma kutoka kwenye karatasi aliyoletewa. Akasema ndugu yetu ametutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Watu wakaguna. Nyuma yangu mtu akasema, maskini, kijana bado. Shangazi alikuwa ameinama. Akainuka wima, mbele ya jeneza, na kitambaa chake kikaanguka.

"Sabini na moja!" alipiga kelele. "Sabini na moja! Baba yangu ni muzee! Msimpunguzie tena!"

Mchungaji akafunga karatasi. Kanisa lote likalia, na wale waliokuwa wameandikiwa miaka isiyo yao, ambao walikuwa wengi, walilia zaidi. Lakini jiwe la kaburi huchongwa kwa vyeti. Pale alipolala pameandikwa mwaka wa pili wa jenerali, kistari, na mwaka ule wa joto. Mgeni akipita ataona mwanaume aliyekufa akiwa na nguvu zake.

Nilihamia Missouri City kwa Shangazi, nikasomea kwake, nikakua, kisha nikarudi huku. Tarehe moja Januari bado ni siku yetu, sasa tuko wawili, na keki bado husafiri na mkanda, siku hizi kwenye gari langu, kutoka huku kwenda Houston. Ukurasa ninao mimi. Kwa miaka yote hii sikuwahi kuugusa kwa penseli. Niliuacha kama alivyouacha, umefutwa, maana nilihisi nikiweka alama nitakuwa nimemaliza mwaka ambao yeye hakuumaliza.

Mwaka huu, tukiwa tumekaa mezani, Shangazi alisema bila kunitazama, "Leo Papa angempita jenerali wake."

Nilipiga hesabu, ile ya kengele, ya kweli. Ilikuwa sahihi. Jenerali alikufa na miaka sabini na tisa. Babu angekuwa na themanini.

Niliutandaza ukurasa kati ya sahani. Niliomba penseli, Shangazi akanipa ya mtoto wa jirani. Nikaanza na mwenye ndevu nyeusi. Nikamwekea alama, juu ya kovu la kifutio, nikasema kwa sauti, "Nimemupita." Nikaenda kwa aliyefia ikulu. Nikaenda kwa wa treni. Wote aliowapita kweli niliwarudishia alama zao, mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa jenerali mrefu, na hapo mkono ukasimama.

"Na huyu?" Shangazi akauliza.

"Huyu hapana, Shangazi. Huyu hakumfikia. Alibakiza miaka minane."

Shangazi akaivuta keki karibu. Akafungua droo iliyojaa visu vyake vyote vya jikoni, akapapasa chini yao, akanipa kijiko.